Cheti mlangoni si sekunde mbili
Kuna wanaodai eti kuonyesha cheti cha chanjo ya Korona kwenye lango la tamasha ni sekunde mbili tu, na "hakumsumbui mtu". Labda mwenye simu na bando. Bawabu asiposkani msimbo wa QR na kulinganisha jina na kitambulisho, anaangalia picha tu, na picha huhaririwa. Akiskani kila mmoja kwa nusu dakika, watu 1,000 kwenye lango moja pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, ni zaidi ya saa nane, ngoma ishakwisha! Na dozi mbili za AstraZeneca zilipishana wiki 8 hadi 12, ilhali sharti la serikali ya Kenya la Novemba 2021 lilitaka watu wawe wamekamilisha chanjo kufikia Desemba 21. Mwenye mulika mwizi, simu isiyo na intaneti, kutoka Likoni angeonyesha nini, karatasi iliyolowa jasho?