Studio ya chumbani: tunalaumu nusu isiyo na kosa

Kila anayejishughulisha na muziki Mombasa ameisikia lawama hii, iwe barazani Mji wa Kale au kwenye kipindi cha redio: studio za chumbani zimeua muziki wa Pwani. Kila kijana wa Kisauni mwenye laptopu ni produsa, kila godoro lililoegeshwa ukutani ni studio, na nyimbo zinatoka kama mahamri ya haraka, nje yameiva, ndani mabichi. Wanaosema hivyo si watu wa kupuuzwa. Wengi wao walishika udi, fidla na akodioni kabla sisi hatujazaliwa, na wakikwambia wimbo una kasoro, basi mara nyingi kasoro ipo. Ninapoachana nao ni pale wanapoonyesha kidole kasoro ilikotoka.

Kurekodi, yaani kunasa sauti, ni kazi moja, na kumiksi, yaani kuzichanganya na kuzipima sauti zilizonaswa ziwe wimbo mmoja, ni nyingine. Tumezoea kuzitaja pamoja kwa sababu siku hizi hufanywa na mtu mmoja, kwenye kiti kimoja, pengine usiku mmoja. Chumba cha kulala kinaweza kikawa rafiki wa ile ya kwanza na adui wa ya pili, na hapo ndipo mjadala wetu unapopotea njia.

Tuanze na kurekodi. Mwimbaji akisimama shubiri moja kutoka kwenye maiki, kinachoingia ni yeye zaidi kuliko kuta. Sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ya mwanamke karibu 200, na kuanzia hapo kwenda juu godoro zito na mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji husaidia kweli. Kero zetu zinajulikana: kunguru, honi za tuktuk, pangaboi ambalo lazima lizimwe hata kama jasho linachuruzika. Kuna na unyevu wa bahari, ambao maiki za kondensa, zile nyepesi kuhisi za studio, haziupendi hata kidogo. Zikishanyonya unyevu huanza kukwaruza na kuvuma. Anayejua huihifadhi yake kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, au huachana nayo akatumia maiki ya kawaida kama Shure SM58, chombo kilichoingia sokoni mwaka 1966 na bado kinavumilia kuangushwa.

Halafu kuna muda, jambo ambalo wakosoaji hawalitaji. Studio ya kulipia kwa saa humtoza mwimbaji makosa yake. Akikosea ubeti wa tatu, shilingi zinakwenda. Akiomba arudie, fundi anatazama saa. Anaimba huku akipiga hesabu, na hesabu hiyo inasikika kwenye koo. Kwa mwanamke ni zaidi ya pesa. Si kila binti wa Mji wa Kale au Majengo anaweza kuaga nyumbani saa tatu usiku kwamba anakwenda kufungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha na wanaume asiowajua. Kurekodi kwao, mamake akiwa sebuleni na mlango uko wazi, kumetuletea sauti ambazo zamani zingeishia jikoni na kwenye vigoma vya harusi. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kuifanya studio ya chumbani iheshimiwe.

Tena hatujaanza jana. Mbwana Radio Service, waliorekodi na kuuza taarabu hapa Mombasa, walikuwa duka la redio. Jina lenyewe linasema. Kaseti nyingi zilizopita mikononi mwetu zilinaswa harusini, vigelegele vikifunika nusu ya ubeti na mtoto akilia karibu na maiki. Leo tunaziita hazina, na sijasikia mzee akilalamika kwamba harusi iliua taarabu.

Sasa kumiksi. Hapa wakosoaji wana haki, ila sababu wanayoitoa siyo. Wao husema vifaa ni duni. Vifaa vya leo vya bei ya chini vinanasa sauti safi kuliko mashine nyingi zilizotengeneza hizo kaseti. Kinachodanganya ni chumba.

Chukua chumba cha kupanga tunachokijua wote, kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande, karibu mita 3.05. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inatoshea sawasawa kati ya kuta mbili zinazotazamana ni la hezi 57 hivi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kiki, ile ngoma nzito ya chini, na gitaa la besi hukaa. Wimbi hilo likigonga ukuta na kurudi linajipanga: karibu na ukuta linanguruma, katikati ya chumba linakaribia kutoweka. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta nyingine mbili zinafanya yale yale, kwa hezi zile zile.

Produsa wetu ameweka kiti wapi? Katikati, maana kitanda kimekula upande mmoja. Anasikiliza, besi haipo. Anaiongeza. Bado haitoshi, anaiongeza tena. Kesho yake wimbo unapigwa kwenye matatu ya Bamburi, milango inatetemeka, na maneno yamezama. Abiria anasema studio mbovu. Mzee kwenye redio anasema vijana hawajui muziki. Kijana mwenyewe anaamini anahitaji spika kubwa zaidi, anazinunua, anaziweka kwenye chumba kile kile, na hizo kubwa zinalichokoza lile wimbi kwa nguvu zaidi. Nimelisema hili kwa watu wengi na bado naona pesa zikiteketea kwenye spika.

Trei za mayai ukutani hazisaidii. Sponji ya sentimita tano nayo humeza sauti za juu tu. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa zaidi ya mita sita, litaipita sponji hiyo kama halijaiona. Matokeo ni chumba kilichokufa juu na kinachonguruma chini, kibaya kuliko kilivyokuwa kitupu. Kinachosaidia ni unene: magunia yaliyojazwa mitumba iliyokosa wanunuzi au nyuzi za makumbi, yarundikwe kwenye kona kutoka sakafuni mpaka juu. Na kabla ya hapo, jambo lisilo na gharama: kiti kisogezwe mbele mpaka kichwa kiwe kama mita 1.15 kutoka ukuta unaoutazama. Mafundi hukadiria asilimia 38 ya urefu wa chumba. Ni makadirio ya kuanzia tu, lakini yanakutoa katikati, na katikati ndiko uongo ulikozidi.

Ajabu ni kwamba nyumba za mababu zetu zingetufaa zaidi. Vyumba vya Mji wa Kale ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuruhusu upana wa kupita mita tatu hivi. Upana na urefu vikitofautiana, mawimbi hayarundikani mahali pamoja. Kuta nene za matumbawe zinazuia kelele za nje. Zina mwangwi, ndiyo, lakini mwangwi zulia na mapazia huumaliza.

Watetezi wa studio za chumbani hupenda kumtaja mwimbaji wa Marekani Billie Eilish, ambaye albamu yake iliyorekodiwa chumbani kwa kaka yake huko Los Angeles ilichukua tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka, mwaka 2020. Ni kweli, lakini wanaisimulia nusu. Miksi ilipita mikononi mwa fundi Rob Kinelski, na kumasta, yaani kuupa wimbo mguso wa mwisho kabla ya kutolewa, kukafanywa na John Greenham. Mfano huo unaunga mkono ninachosema hapa: imba chumbani, kisha mpe mwingine mwenye masikio na chumba cha kuaminika. Hapa kwetu kumpa mtu kazi yako aimiksi huonekana kama kukiri hujui. Produsa anataka jina lake pekee litajwe mwanzoni mwa wimbo, na wimbo ndio unaoumia.

Kuhusu tabia ya kupandisha sauti mpaka kila kitu kiwe bapa, sina mengi. Spotify kwa kawaida huurudisha wimbo kwenye kiwango chake, takriban LUFS 14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) chini ya kikomo, na YouTube nayo huzishusha nyimbo zilizozidi. Aliyebana kila pumzi ili asikike zaidi ya wenzake anateremshwa, anabaki na ubapa wake.

Liko dai moja la wazee ambalo silipingi. Kundi la taarabu la watu wanane halitoshei kwenye kumi kwa kumi. Ukiwarekodi mmoja mmoja kwa kufuata metronomi, ile saa ya mapigo, kila mmoja atapiga sawa na wimbo utakosa ule mvutano wa fidla kumsubiri mwimbaji amalize kuvuta neno. Hilo linataka ukumbi na watu wanaotazamana. Ila laptopu na kadi ya sauti yenye njia nane vinaingia kwenye begi moja. Vinaweza kupelekwa ukumbi wa shule Jumapili, au Little Theatre Club, na baadaye sauti za waimbaji zikamaliziwa nyumbani bila haraka. Hakuna aliyesema studio ya chumbani isitoke chumbani.

Jirani yangu mmoja, mpiga udi na mlaumu mkubwa wa mambo haya, nilimshawishi baada ya Isha mmoja akaja kwangu. Tulizima pangaboi, akapiga mara nne, mpwa wake akaongeza gitaa la besi. Nilimiksi usiku ule ule, nikajiona hodari. Akausikiliza asubuhi kwenye tuktuk ya mjukuu wake, akaja kunigongea mlango. "Udi ni wangu, huo naujua," akasema. "Lakini hilo besi umelitoa wapi, bandarini?" Udi sikuugusa. Nilisogeza kiti, nikasikiliza upya, nikashusha besi karibu desibeli sita.