Nyumba za Mawe za Tabora na Lawama Wanayobebeshwa Warithi

Kila mvua za Novemba zinapoanza, watu wa Tabora hurudia lawama ileile juu ya nyumba chache za mawe za enzi za Mjerumani zilizobaki mikononi mwa familia: kwamba warithi wameziacha zioze, na kwamba Serikali haina budi kuzitwaa. Hoja hiyo ina uzito. Mji uliofikiwa na reli ya kati mwaka 1912, kisha ukatekwa na Wabelgiji Septemba 1916, una kumbukumbu zisizo mali ya ukoo mmoja, na mrithi mwenye shida ya fedha anaweza kumuuzia mfanyabiashara kiwanja, ukuta wa zaidi ya karne ukageuka kifusi cha kujazia msingi wa fremu za maduka.

Hata hivyo, ni haki kuuliza nani amezifikisha nyumba hizo hapa zilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza. Mwaka huo unanisumbua kila ninapoufikiria, kwa sababu utawala wa Kijerumani ulikuja zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwa hiyo hakuna nyumba ya Mjerumani, iwe Tabora au Kigoma, inayolindwa kwa umri wake peke yake. Ile ambayo haijatangazwa imelindwa na nini miaka yote hii, kama si na watu wanaolala ndani yake? Hata mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, nyumba iliyokaliwa yote na mwenyewe ilisalimika.

Uozo wenyewe nao mara nyingi si uzembe. Katika nyumba moja niliyoingia, milango ya mninga bado inafunga sawasawa, ilhali ukuta wa upande wa mvua umetoa mabaka meusi na lipu yake inabanduka vipande vipande, kila kipande kikitoka na ngozi ya jiwe. Familia ilikuwa imelipa fundi aupige ukuta huo saruji, naye akafanya alichofundishwa. Lakini mawe yaliyojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji huufungia ndani. Waliharibu kwa fedha yao wenyewe, wakikarabati.

Liko pia suala la mirathi, ambalo wenye kulaumu hulipita haraka. Hati ikiwa bado ina jina la babu, na wajukuu wametawanyika Mwanza, Dar es Salaam na Muscat, hakuna benki itakayokopesha fedha za bati jipya, na aliyebaki nyumbani hulipa kodi ya ardhi kwa niaba ya watu ambao hawajaweka saini popote.

Kwa hiyo naona tangazo la Waziri lije, ila lisitangulie. Likitangulia, mwenye nyumba atapata katazo la kubomoa na kubadili huku paa likivuja vilevile. Halmashauri ianze kwa kumpeleka fundi anayeijua chokaa, na kwa kuisaidia familia kumteua msimamizi wa mirathi mahakamani ili hati ipate mwenyewe aliye hai, ambaye Idara ya Mambo ya Kale inaweza kukaa naye na kupatana.