Sirinji ya maziwa ikatae mshipa

Mtoto njiti wa kilo moja analishwa na kutibiwa kwa njia mbili. Mpira mwembamba umepita puani hadi tumboni, na kanula, mrija mfupi unaoingia kwenye mshipa wa damu, imebandikwa kwa plasta mkononi au kichwani. Ncha za njia zote mbili zimelala juu ya khanga moja, zimeachana vidole vinne tu. Pembeni kuna trei yenye sirinji mbili: moja ina maziwa ya mama yaliyokamuliwa, nyingine ina dawa ya mshipa. Zimetoka kwenye boksi moja, na kila moja inaingia kote kuwili bila kubisha.

Waliowahi kufanya zamu ya usiku wodini wanaijua dawa ya kienyeji ya tatizo hili, yaani plasta na kalamu. Unaandika "MDOMO" na kuibandika kwenye sirinji. Nimeziona nyingi nikiwa upande wangu wa dirisha la famasi, na sizibezi. Ila plasta haizuii kitu. Inaomba tu.

Asili ya jambo hili ni mafanikio. Mwishoni mwa karne ya 19 nyumba ya Luer, watengenezaji wa vifaa vya tiba wa Paris, ilitoa sirinji ya kioo yenye ncha inayopungua upana taratibu, asilimia 6 ya urefu wake. Ukiisukuma ndani ya tundu lenye mteremko uleule, inashika na haivuji. Kampuni ya Marekani ya Becton Dickinson ilinunua haki zake mwaka 1898, na tangu hapo ncha ya Luer ikaenea kila mahali: sindano, kanula, dripu, koki za njia tatu, hata mipira ya kulishia. Kwa mnunuzi ilikuwa raha, maana boksi moja la sirinji lilimaliza kazi zote. Ajali nazo zimejificha ndani ya raha hiyohiyo.

Habari za maziwa kuingizwa mshipani kwa bahati mbaya zilikwisha kuandikwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1972. Matone ya mafuta yaliyomo kwenye maziwa huziba mishipa midogo ya mapafu, na bakteria ambao tumbo lingewamudu wanaingia moja kwa moja kwenye damu. Julai 2009, huko Madrid, mtoto njiti ambaye mama yake alikuwa amefariki kwa homa ya mafua ya nguruwe alipewa maziwa mshipani badala ya tumboni, naye akafa. Muuguzi alikuwa siku yake ya kwanza kwenye kitengo kile. Hispania nzima ikamwongelea yeye. Waliouliza kwa nini sirinji ya maziwa iliweza kuingia kwenye kanula walikuwa wachache.

Nimeona watu wakishangaa: mtu mzima atakosaje kuyatambua maziwa? Jibu ni kwamba watoto njiti hupewa pia mafuta maalumu ya lishe kupitia mshipa, na mafuta hayo ni meupe kama maziwa. Weupe haumshtui muuguzi yeyote wa kitengo cha namna hiyo.

Wanaotetea umakini, na wapo wengi miongoni mwa wakubwa wa kazi, husema suluhisho ni kufuata mpira kwa mkono kutoka ncha hadi unapoingia mwilini kabla ya kuunganisha chochote. Ni ushauri mzuri, na Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye mapendekezo yake ya usalama wa wagonjwa mwaka 2007. Lakini tupige hesabu. Wodi yenye watoto 20 wanaolishwa kila baada ya saa 3 inaunganisha maziwa mara 160 kwa siku, kabla hujahesabu dawa. Umakini unatakiwa ushinde mara zote 160, leo, kesho na keshokutwa, pamoja na ile saa kumi ya usiku ambapo muuguzi mmoja amebaki na vichanga vyote. Umbo la kifaa halisinzii. Kwa bahati mapendekezo yaleyale ya 2007 yalikwenda mbele zaidi ya umakini: yalitaka sirinji za kawaida za Luer zisitumike kabisa kwa dawa za kunywa wala kwa kulishia kwa mpira. Sehemu hiyo haisomwi sana.

Uingereza iliisoma. Machi 2007, wakala wake wa usalama wa wagonjwa uliagiza hospitali zitumie sirinji maalumu za mdomo na za mpira wa kulishia, ambazo haziwezi kuunganishwa na njia ya mshipa. Nyingi zikatengenezwa kwa rangi ya zambarau. Hatua kubwa zaidi ikaja mwaka 2016, pale kiwango cha kimataifa cha ISO 80369-3 kilipotoka na kuleta kiungio kinachojulikana sokoni kwa jina la ENFit. Hapa wabunifu hawakupaka rangi tu, waligeuza jinsia. Mafundi bomba wanaelewa haraka: zamani sirinji ilikuwa dume, yaani upande unaoingia, na mpira ukawa jike, yaani upande unaopokea, sasa sirinji ndiyo jike na mpira ndio dume, tena vinafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Jike halina la kuingiza kwenye kanula, ambayo nayo ni jike. Septemba 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia hospitali kuzihimiza zihamie huko.

Kama hadithi ingeishia hapo, uchambuzi usingehitajika.

Kwa mtu mzima anayepewa mililita 20 za dawa, umbo jipya halina neno. Kwa kichanga linabadilisha kipimo chenyewe. Ncha jike ina uwazi ndani. Ukivuta dawa, uwazi ule nao unajaa, na ukiunganisha, dume la mpira linaingia mle na kuisukuma ile dawa ya ziada mbele. Chukua kafeini sitreti, dawa inayowakumbusha watoto njiti kupumua. Kichupa chake mara nyingi kina miligramu 20 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo moja anayepewa miligramu 5 kwa siku anahitaji mililita 0.25, yaani kama matone matano. Matone mawili yakizidi, umeongeza dozi kwa asilimia 40. Yakipungua mawili, mtoto amepata zaidi kidogo ya nusu. Kifaa kilicholetwa kumlinda dhidi ya kosa kubwa la nadra kingeweza kumletea kosa dogo la kila siku.

Watengenezaji hawakulipuuza hilo. Wakatoa sirinji ndogo zenye ncha ya dozi ndogo: katikati ya lile jike wakapachika kijidume chembamba, ili dawa ipite kama kwenye sirinji ya zamani. Ni kazi ya akili sana. Ila sasa kuna kijifereji kinachozunguka kijidume hicho. Ukichovya sirinji kwenye kikombe cha dawa, mfereji unajaa, na usipoukung'uta kabla ya kuunganisha, kile kilichomo kinasukumwa kwa mtoto pia. Kwa hiyo dawa inatakiwa ivutwe kupitia kizibo maalumu cha chupa, kisha ncha ikung'utwe. Tumeanza kwa kusema hatutaki kutegemea umakini, na hapa tunamwambia tena muuguzi awe makini. Nadhani wahandisi wenyewe walicheka kidogo, cheko la uchungu.

Kuna malalamiko mengine. Kwenye dume la mpira maziwa huganda katikati ya nyuzi za kiungio, yaani ile mistari ya kuzungushia, na kuyasafisha kunataka kijibrashi. Maziwa yaliyoganda karibu na tumbo la njiti si jambo la kupuuza. Wazazi wa Marekani na Ulaya wanaolisha watoto nyumbani walilalamika kwamba kiungio hukaza hadi hakifunguki, na kwamba tundu lake linachelewesha chakula cha kusaga. Hili la mwisho kwa vichanga silipi uzito. Mpira namba 5 wa njiti haufiki upana wa milimita 2 hata ukiupima kwa nje, kwa hiyo kinachobana mwendo wa maziwa ni mpira wenyewe, si kiungio.

Sasa tuje kwetu, ambako nina shaka ambazo makala za wenzetu hazinazo.

Angalia soketi ya ukutani. Sisi Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, tulirithi soketi ya Kiingereza yenye matundu matatu. Lile la juu limebuniwa ili pini ndefu ya plagi ifungue milango midogo inayofunika matundu ya umeme. Ni ubunifu wa usalama wa hali ya juu, hasa kwa watoto. Na ni nani kati yetu hajachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie? Hatufanyi hivyo kwa ujinga. Soketi ilitoka dunia moja na chaja ikatoka dunia nyingine, na simu lazima ipate chaji.

Ndicho ninachokiogopa kwa ENFit. Mipira ya kulishia inakuja kwa msaada wa mfadhili mmoja, sirinji zinatoka Bohari ya Dawa ya serikali au, kwa Wakenya, mwenzake KEMSA, na nyingine mama ametumwa kununua duka la nje. Siku sirinji za ENFit zikiisha na mpira wa ENFit ukawa tayari puani mwa mtoto, mpira ule utaikataa sirinji ya kawaida kama ulivyobuniwa kukataa. Mtoto analia njaa, au yuko kwenye hatari ya sukari kushuka. Muuguzi atafanya nini? Ama ang'oe mpira aweke mwingine, ama atafute adapta. Adapta zilitengenezwa kwa ajili ya kipindi cha mpito, na adapta ndiyo ile kalamu kwenye soketi: inarudisha njia ambayo tumetumia gharama kuifunga. Kibaya zaidi, kila mtu wodini atakuwa ameshaambiwa kwamba mfumo mpya hauruhusu kosa, kwa hiyo ataulegezea macho.

Hoja ya gharama nayo ni ya kweli, ingawa hutumiwa vibaya. Sirinji ya kulishia wodini kwetu mara nyingi ni bomba tu lililotolewa kisukumio, likashikwa juu na maziwa yakashuka yenyewe. Linaoshwa, linachemshwa, linarudi kazini. Ukileta kifaa cha bei ya juu kinachotakiwa kutupwa, kitaoshwa vilevile, na nyuzi zake ni ngumu kusafisha kuliko ncha laini. Mwenye kupinga ENFit kwa hoja hii hajakosea kuhusu wodi. Anakosea tu akidhani chaguo lililobaki ni kuendelea kama tulivyo.

Maana kuna ngazi ya katikati tumeiruka. Mipira mingi ya kulishia tunayopokea ina mdomo mpana kama faneli. Sirinji ya mdomo ya mtindo wa zamani, ile yenye ncha nene isiyo ya Luer, inaingia kwenye faneli hiyo na haiingii kwenye kanula. Haina mfereji wala nyuzi, na ncha yake inapita hata kwenye shavu la mtoto anayemeza mwenyewe. Haikuhitaji kubadilisha mpira. Udhaifu wake ni kwamba mlango umefungwa upande mmoja: faneli bado itaipokea sirinji ya Luer siku ya uhaba, na dawa ya mshipa ikipelekwa tumboni kwa makosa haitazuiwa. Lakini kosa hilo la pili kwa kawaida halifanani kabisa na maziwa kwenye damu, na siku ya uhaba mtoto atakula bila mtu kulazimika kuvumbua kitu.

Kwa hiyo ningeanza na hiyo, kwa kila kitu kinachopita mdomoni au tumboni, kuanzia sharubati ya parasetamoli hadi maziwa. Ingeondoa pia hatari ndogo inayosahauliwa: vifuniko vidogo vya sirinji za sindano, ambavyo watoto wamewahi kupaliwa navyo wakipewa dawa ya maji kwa sirinji hizo. ENFit ningeipeleka baadaye, wodi moja baada ya nyingine, pale tu mipira, sirinji za dozi ndogo na vizibo vya chupa vikiwa vinatoka kwenye oda moja. Na adapta zisiingie stoo kabisa. Wapo wenzangu wataniambia nachelewesha usalama kamili. Inawezekana. Mimi nahofia zaidi nusu ya mfumo mzuri kuliko mfumo mnyonge uliokamilika.

Kuna msukumo mwingine unatusogeza huko tupende tusipende. Februari 2015 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zihamie kwenye sirinji za sindano zinazojifunga baada ya matumizi ili zisirudiwe. Sirinji inayojifunga ukishaisukuma mara moja haifai kulishia mtoto mara nane kwa siku. Kadiri sirinji hizo zinavyoenea, wodi ya vichanga itajikuta inahitaji sirinji yake yenyewe, na swali litakuwa ni ipi.

Juzi nilifungua fomu yetu ya kuagiza vifaa nikitafuta pa kuliandika swali hilo. Kuna mstari wa sirinji 2 ml, wa 5 ml, wa 10 ml na wa 50 ml. Ukubwa upo, idadi ipo, bei ipo. Safu ya ncha haipo.