Ratiba ya mazoezi iandikwe na mtu aliyechoka

Ratiba nyingi za mazoezi na mlo huandikwa Jumapili jioni, mtu akiwa ameshiba, amelala vya kutosha na hana wa kumsumbua. Ataamka saa kumi na moja alfajiri siku sita za wiki, atapika kila mlo mwenyewe, na sukari ndiyo basi tena. Atakayetakiwa kuyatekeleza hayo yote ni mtu mwingine kabisa: yule wa Jumatano usiku, aliyerudi na kazi nyumbani, mtoto ana homa na simu hainyamazi. Huyo hakushirikishwa.

Ndiyo maana nikimsikia mtu akijiita mvivu kwa kuwa ameacha mazoezi kwa mara nyingine, huwa sikubali haraka. Mara nyingi kilichoshindwa ni ratiba iliyopimwa kwa wiki nzuri, na kwa mwenye shughuli nyingi wiki nzuri ni za kuhesabu. Bora kuanza na wiki mbovu kuliko zote unazozijua. Katikati ya vurugu zile, ni kipi ungeweza kufanya hata ukiwa umenuna? Pengine ni kutembea haraka dakika chache baada ya chakula cha mchana, na kuhakikisha nusu ya sahani ya usiku ni mboga. Basi hicho kiwe cha lazima. Mengine ni ziada ya wiki zenye nafasi.

Wapo watakaosema dakika chache ni mzaha. Shirika la Afya Duniani halisemi hivyo. Mwongozo wake wa 2020 unawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ya kukufanya uheme lakini bado uweze kuongea, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Zamani kila kipande kilitakiwa kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa 2020 ukaliondoa sharti hilo. Ngazi ulizopanda mbio ukiwahi mkutano zinahesabika. (Na zile hatua 10,000 kwa siku zinazowatisha wengi, zilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichoingia sokoni Japani mwaka 1965. Zilianzia dukani.)

Jumatatu sina ugomvi nayo. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huenda jimu zaidi mwanzoni mwa wiki, mwezi na mwaka. Msukumo huo upo, utumie. Ubaya wake unaonekana Jumanne, ukishakosa mara moja: unajiambia wiki imeharibika, nitaanza Jumatatu ijayo, na siku tano nzima zinakwenda bure. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijijengea zoea moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lile lijifanye lenyewe, ila tofauti zilikuwa kubwa: kwa wengine siku 18, kwa wengine makadirio yalifika 254. Na aliyekosa siku moja hakurudi nyuma kwa kiasi cha maana. Mimi naliona hilo lina faida kuliko hotuba zote za nidhamu.

Anayerudi baada ya mapumziko marefu hudanganywa na mwili wake. Pumzi hushuka ndani ya wiki chache tu, wakati nguvu za misuli hudumu kidogo. Kwa hiyo unabeba uzito ule ule wa zamani, unaona kumbe bado unaweza, halafu siku ya pili unashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Maumivu hayo huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na hapo ndipo wengi wanaacha tena. Fanya nusu ya ulichozoea, hata kama unaona ni kidogo. Misuli iliyowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza. Mwenye tatizo la moyo, kisukari au shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari.

Kwenye chakula, vita haipiganwi mezani. Inapiganwa dakika ile unapofungua mlango wa nyumba, njaa imekushika, na hakuna kilichochemshwa. Saa hiyo utakula chochote kilicho karibu, uwe na elimu ya lishe au usiwe nayo. Sufuria moja ya maharage iliyochemshwa siku ya mapumziko, ikagawanywa kwenye vyombo vidogo na kugandishwa, pamoja na mboga zilizokwisha oshwa, inakuokoa hapo. Inabaki kupasha moto tu.

Ile saa kumi na moja alfajiri ninaipinga kabisa kwa mtu anayelala saa saba usiku. Saa nne za usingizi humfanya mtu ashinde na njaa, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta, na jioni mwili hautaki kusogea. Ukikosa nafasi ya mazoezi, usiichukue kwenye usingizi.

Uichukue wapi? Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu katika nyumba nyingi dakika arobaini za mmoja kukimbia ni dakika arobaini za mwenzake kuogesha watoto na kusugua masufuria. Anayepikia nyumba nzima ndiye wa mwisho kupata muda wa kujinyoosha, halafu tunamshauri ajipende. Kabla ya raba mpya, kaeni mezani mkubaliane nani ataosha vyombo Jumanne na nani Alhamisi.