Nyumba Yangu Haikujengwa kwa Milioni 22

Juzi wakati wa chai ya saa nne, mwalimu mwenzetu mpya, binti aliyehamia kutoka Makete, alivuta kiti karibu yangu akaninong'oneza: "Dada, na mimi naanza. Nina milioni 18 za mkopo. Nikijibana nitafika kwenye 22 yako."

Chapati ilinikwama. Nikakumbuka kwamba kweli niliwahi kuyasema hayo, tena kwa maringo, siku walimu walipokuja kuiona nyumba yangu Isyesye, hapa Mbeya. "Milioni 22 tu, ni kujipanga." Kujipanga! Mimi huyu.

Kaunta buku yangu ya ujenzi, ile yenye madoa ya saruji, inasema milioni 41.2. Kiwanja hakimo.

Usiku ule nilijifariji kwamba sikudanganya, nilisimama tu kwenye bati. Siku mafundi wa kupaua waliposhuka, hesabu ilikuwa 21.6, na hiyo ndiyo iliyobaki mdomoni. Ndivyo tunavyofanya karibu wote. Ukimsikia mtu pale Kabwe anasema kajenga kwa milioni 15, muulize taratibu: dari ipo? Choo kinavuta? Mlango wa nyuma ni mlango au ni bati limeegeshwa na gogo? Utakuta anakupa bei ya boma lililofunikwa, na yeye na wanawe wanalala juu ya jamvi la vumbi, yaani sakafu ya zege isiyomaliziwa. Bei ya nyumba hajaijua bado.

Basi nazitoa hapa, mume wangu anisamehe. Vyumba vitatu, kimoja masta, matofali ya kuchoma. Msingi mpaka jamvi, milioni 6.3. Kuta mpaka juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, 5.9. Kupaua, mbao na bati na ufundi, 9.4. Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Baada ya hapo milango, madirisha na grili vilikula 5.6; plasta, dari, vigae na rangi 8.8, umeme, bomba na shimo la choo 4.5. Laki saba zilizobaki ni bodaboda, vocha na soda za mafundi. Unaona? Karibu nusu ya nyumba inaanza siku jirani anapokupongeza kwamba umemaliza.

Uongo huu ungekuwa wangu peke yangu ningekaa nao kimya. Tatizo ni kwamba unampita kila fundi mkweli na kumnyang'anya kazi.

Nilipoanza, niliita mafundi wawili. Wa kwanza mzee mmoja wa Iwambi. Alifika na jembe. Hakuniuliza ramani. Aliuliza mvua zikinyesha maji yanapita upande gani, nami nikamtazama kama anaulizia mambo ya ukoo wangu. Akachimba kona mbili, akaukamua udongo kiganjani (huku kwetu udongo ni majivu ya milima ya moto ya zamani, ukikauka unapepea, ukilowa unateleza), akasema, "Mwanangu, hapa ni mteremko. Msingi wa upande wa chini utakuwa mrefu kuliko unavyotaka." Ufundi mpaka lenta, milioni 2.6. Na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mpaka niingie na godoro nisitegemee chini ya 35.

Nilimwona mwizi. Kwani si fulani kajenga kwa 15?

Wa pili alikuja na bodaboda na tabasamu. Milioni 1.4. Kila nilichouliza kilijibiwa kwa maneno mawili: "Haina shida, madam." Mteremko? Haina shida. Ringi za nondo kwenye nguzo mbona ziko mbalimbali? Haina shida. Mara nyingine alikuwa ananijibu huku anatafuta kwa macho mwanaume wa kuzungumza naye, lakini hayo ya mafundi na wateja wanawake nitayaandika siku nikiwa na hasira za kutosha.

Kozi ya nane, yaani mstari wa nane wa matofali, akataka nyongeza ya ufundi. Nikampa. Akaenda Tunduma "siku mbili". Mpaka leo sijamtia machoni.

Nikarudi kwa mzee na aibu yangu. Shikamoo yenyewe ilitoka kwa shida. Hakunisema. Alitoa mfukoni timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia kama ukuta umesimama wima, akashikiza kibao chake juu ya ukuta wa jikoni, akaachia kamba. Ile risasi ikayumba, ikayumba, tukaisubiri sote, mimi, yeye na saidia fundi aliyekuwa anatafuna muwa. Ilipotulia, chini pale kati yake na tofali viliingia vidole vyake viwili, vyote viwili, bila kubanwa. Akavitoa, akavipangusa kwenye suruali. "Upande huu tuuteremshe mpaka kozi ya tatu," akasema.

Kubomoa, kusafisha matofali yaliyopona, kununua mengine na kujenga upya: milioni 1.7. Imo humo ndani ya ile 5.9. Ukiijumlisha na ile 1.4 ya bwana Haina Shida (aliyoichukua karibu yote), nilikuwa nimeshampita mzee na bado sina ukuta. Na mzee naye nililazimika kumlipa.

Sasa hapo ndipo ninapokasirikia vijiwe vyetu. Kila anayejenga analalamikia saruji. Kiwanda kiko hapo Songwe, wanasema, kwa nini mfuko unapanda? Ni kweli inauma. Tangu Julai 2023 kuna ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa kila mfuko wa kilo 50, na siwezi kuutetea. Lakini nimetumia mifuko 210. Ushuru huo ni laki mbili na kumi. Fundi wa bei nafuu amenichukulia mara nane ya hapo kwa ukuta mmoja, na wala hakuna kijiwe kinachokaa kumjadili. Tunamwita mjanja. Tunapeana namba yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaojenga rahisi kweli. Mjomba wangu kule Tukuyu kafyatua matofali mwenyewe, kachoma kwa kuni za shamba lake, mikaratusi kaipanda mwaka niliozaliwa, na kaka yake ni fundi. Huyo akisema milioni tisa naamini. Lakini hata yeye hajahesabu miaka sita ya likizo zake. Na nakubali pia kwamba ukitaja bei halisi, kesho yake mashemeji wanaleta ada za watoto. Ndiyo. Basi nyamaza. Kunyamaza ni tofauti na kutaja nusu.

Kuhusu mbao sina mengi: usinunue kwa sababu ni za kijani. Kijani kinaweza kuwa dawa na kinaweza kuwa rangi tu. Kata kipande, tazama ndani. Mbao za Mafinga ni nzuri zikiwa zimekauka. Zikipandishwa mbichi, kenchi za paa zinajikunja kama mzee mwenye baridi. Na zege la Juni usilivue mabanzi, zile mbao zinazolishikilia, kwa haraka kwa sababu fundi wako alizoea Dar. Kwa baridi yetu hii linachelewa kushika.

Vyeti? VETA wana utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na ni jambo zuri, muulize fundi wako kama anacho. Ila mimi siku hizi namsikiliza anachouliza kabla ya kutaja bei. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliposhuka na kufukia nyumba kule Itezi, nililala macho wiki nzima nikisikiliza bati. Swali la mzee kuhusu maji halikuwa la ukoo tena. Hakuna msingi wa kuzuia mlima, najua. Lakini fundi anayeangalia juu ya kiwanja chako kabla ya kuangalia mfuko wako anaweza kukwambia usijenge hapo kabisa, na siku hiyo anakuwa amejinyima kazi.

Jana nilikwenda na kaunta buku shuleni. Binti wa Makete aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akanyamaza muda mrefu. Alipofika kwenye ukurasa wa kozi ya tatu akauliza, "Hii 'teremsha' ni nini?" Nikamweleza. Akasema ataanza na vyumba viwili na atapaua mwakani. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anajifanya anasahihisha, akaniomba na yeye aone. Kumbe naye ana boma Iyunga lililosimama miaka minne, na sote tulidhani amekosa nia.

Jioni nikampigia mzee. Yuko kwenye kazi mpaka Agosti. Aliuliza tu kiwanja kiko wapi na maji yanapita upande gani. Binti hajui. Tunakwenda kuangalia Jumamosi.