Chokaa, saruji na kuta za Mji Mkongwe

Nyumba ikianguka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ubishi hurudi palepale: wapangaji wanasema wanabanwa kwa masharti ya kutengeneza kuta kwa chokaa tu, wahifadhi wanasema watu wanapiga saruji kimyakimya.

Malalamiko ya wapangaji yana uzito. Chokaa inataka kulowekwa wiki kadhaa, kisha ipigwe tabaka kwa tabaka kwa subira, na mafundi wanaoijua vizuri ni wachache. Saruji unanunua asubuhi, jioni ukuta umekwisha. Familia iliyopewa vyumba viwili baada ya Mapinduzi ya 1964, ndani ya jumba lililokuwa la tajiri mmoja, kwa nini imalizie akiba kwenye ukuta usio wake?

Lakini hebu tuuangalie huo ukuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene nusu mita hivi. Mawe hayo yananywa maji, ya mvua kutoka juu na ya chumvi kutoka ardhini. Chokaa huyaacha maji hayo yatoke; saruji huyafungia ndani. Mwanzoni ukuta unapendeza. Baadaye lipu inavimba, ukiigonga inalia tupu, inabanduka na uso wa jiwe, na nyuma yake unakuta unga mweupe wa chumvi. Fundi asiyejua anapiga saruji nyingine juu yake, nzito zaidi! Unyevu uliokosa njia unafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Boriti hizo ni za mikoko, hazizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya humo ni virefu na vyembamba. Kichwa kikioza, sakafu nzima ya mawe na chokaa haina pa kukalia, na wa chini hajui mpaka dari ianze kumwaga vumbi.

Kwa hiyo sharti la chokaa si urembo wa watalii wala heshima kwa UNESCO, iliyouorodhesha mji mwaka 2000. Ni usalama wa anayelala humo. Kosa liko kwenye kulipa. Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ni mali ya Serikali na lilikuwa kwenye matengenezo lilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Sasa mpangaji atamudu nini peke yake? Anayemudu chokaa ni mwenye hoteli, na nyumba zinaishia mikononi mwake. Sharti libaki, ila gharama zibebwe na wamiliki, Serikali na Wakfu, wasimamizi wa nyumba zilizotolewa kwa ajili ya dini, wakitangulia.