Tobo la Jikleri

Mjomba wangu alipitwa na tshukudu. Matata yote yalianzia hapo.

Kwa wasioijua Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo: tshukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala injini. Kijana anaweka goti juu yake, anasukuma kwa mguu mmoja, na akifika kwenye mteremko anakiachia tu. Huyu wa siku hiyo alikuwa anashuka kutoka Kibumba na magunia ya kabeji. Mjomba naye alikuwa juu ya kwadi yake nyekundu, moto (sisi pikipiki tunaiita moto) ya magurudumu manne, ya cc 250, aliyouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Amevaa glavu na miwani ya vumbi. Kijana wa kabeji akampita, akageuka, akamwambia, "Pole, papa."

Ile pole haikumtoka mjomba. Usiku hakula. Kesho yake akaniita, akanifungulia video kwenye simu: jamaa wa Marekani yuko ndani ya garaji safi kuliko sebule yetu, anafungua kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, anatoa jikleri ya kiwandani, anaweka kubwa zaidi. Baada ya hapo kwadi inaruka vilima vya mchanga.

Jikleri ni kitu kidogo sana. Ni kipande cha shaba kinachopotea kwenye kiganja, kina tobo katikati, na ukifungua gesi, yaani kiongeza mwendo, mpaka mwisho, petroli karibu yote ya injini inapita kwenye tobo hilo. Namba iliyochongwa juu yake inaonyesha ukubwa wake. Kwenye kabureta za Keihin, 100 ni kama milimita 1. Ya mjomba ilikuwa 110.

"Mjomba," nikasema kwa adabu zote, "huyu kabla ya kugusa jikleri ametoa kifuniko cha boksi la filta, na bomba la moshi ameliweka la wazi. Hewa imeongezeka, ndiyo maana anaongeza mafuta. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa ndipo iungue vizuri. Sasa sisi huku tuko mita 1,500 juu ya bahari, hewa imepungua karibu sehemu moja ya saba. Hiyo jikleri ya kiwandani kwetu tayari ni kubwa. Tunatakiwa kuipunguza."

Mjomba akaniangalia kwa huruma. "Weye umesoma umeme," akasema.

Ni kweli, nimesoma umeme. Mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi wake ana garaji juu ya lava ya 2002, mahali ambapo ukiangusha nati usiinuke hata kuitafuta, mawe yameshaimeza. Jikleri kubwa hakuwa nayo. Alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Akafungua skrubu za bakuli la chini la kabureta, petroli ikammwagikia mkononi, akaipangusa kwenye suruali, akaitoa ile jikleri na kuanza kuipekecha kwa sindano, taratibu, huku anaimba. Shaba ni laini. Vumbi la dhahabu likawa linamwangukia gotini. Kila baada ya muda anainua jikleri juu, anafumba jicho moja, anaangalia. Mwishowe akampa mjomba.

"Angalia, mukubwa. Unaona nini?"

"Naona jua."

"Mbele ulikuwa unaona nyota."

Mjomba akacheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya kabeji. Mimi nikajaribu tena kusema habari ya hewa. Fundi akanituliza: "Petit, mashini ni kama mutu. Mutu akikula muzuri, anapata nguvu." Watu waliokuwa wanangoja pikipiki zao wakaitikia. Hoja ikapita kwa wingi wa kura.

Kwadi ilipowashwa ilikohoa, ikatingishika, kisha ikatoa moshi mweusi uliofunika garaji ya jirani, na jirani huyo ni mpaka rangi. Sitarudia aliyoyasema. Barabarani ilikuwa ukifungua gesi kidogo inaenda, ukifungua yote inasita, inagugumia, inapungua mwendo. Tukatoa buji, plagi inayotoa cheche. Buji ya injini inayochoma vizuri hutoka na rangi ya kahawia hafifu. Hii ilitoka nyeusi, masizi matupu, ukiigusa unaweza kuandikia. Nikamwonyesha fundi. Akaigeuza, akaitazama, akatoa uamuzi: "Imeshiba."

Aliyefurahi kweli ni kadhafi, yule kijana anayeuza petroli kwenye vidumu pale kona. Zamani alikuwa anamwita mjomba "papa". Sasa akaanza kumwita "bosi", na siku za mwisho alikuwa anasimama kabisa akimwona anakuja.

Petroli ikawa inaumiza mfuko, lakini kurudisha jikleri ilikuwa ni kukubali kwamba aliyesoma umeme alisema kweli. Mjomba akagundua njia yake. Kila penye mteremko anazima swichi, gia anaiacha ndani, kwadi inashuka yenyewe. Karibu na bonde anawasha tena. "Ekonomi," akaniambia, akigusa kichwa chake kwa kidole.

Tatizo ni kwamba ukizima swichi huku gia iko ndani, injini haiachi kuzunguka. Inaendelea kuvuta hewa na petroli, ila hakuna cheche, kwa hiyo yote inasukumwa mbichi kwenye bomba la moshi. Inakaa humo, kwenye chuma cha moto, inasubiri mtu arudishe cheche. Na ukishuka huku gesi umeiacha wazi, kwa tobo la ukubwa ule haikuwa petroli ya kuhesabu kwa matone.

Ikafika Jumamosi ya harusi ya binti yake mjomba. Bibi harusi alichukuliwa Munigi, korteji, msafara wa magari ya harusi, ikashuka kuelekea mjini, honi zinalia, maua kwenye kila kioo. Mbele kabisa mjomba na kwadi, suti ya bluu, mimi nyuma yake nimeshika keki ndogo ya wakwe. Mteremko ulipoanza akazima swichi. Nikamwambia, "Mjomba, leo usizime." Akanijibu kwamba ndiyo siku ya kuzima, watu wanatazama, tunashuka bila kelele, kistaarabu.

Tukashuka kistaarabu. Chini, penye soko la kando ya barabara, akawasha.

Sijawahi kusikia kishindo kama kile kikitoka kwenye moto. Na mnajua mji wetu: mtu wa Goma hahitaji kuelezwa mlio ni wa nini, anajilaza kwanza, maelezo atayapata akiwa chini. Soko zima likalala. Polisi wa barabarani akaruka mtaro, filimbi ikabaki hewani peke yake. Milango ya maduka ikashuka, trr, trr, trr, mpaka mwisho wa mtaa. Korteji nyuma yetu ikageuza, magari yote, na bibi harusi ndani. Kabla sijajua kama miguu yangu iko salama, simu ya mjomba ikalia: shangazi, kutoka Bukavu. "Tunasikia kwenu kumeanza?"

Aliyebaki amesimama ni mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kifuniko cha mwisho cha bomba la moshi kilikuwa kimeng'oka, kikaruka, kikatua katikati ya beseni lake, chekundu kwa moto. Samaki walikuwa wanakaangika na kutoa harufu nzuri sana, lazima niseme. Mama akaangalia beseni, akamwangalia mjomba aliyelala kifudifudi na suti yake.

"Papa, amuka unilipe."

Mjomba akainuka, akajipangusa, akatoa pesa, akauliza bei ya beseni.

"Ile ilikuwa bei ya mubichi," mama akasema. "Hizi ziko za kukaanga."

Tulilipa ya kukaanga. Harusi ilifungwa jioni, padri alikubali kungoja, keki sikuiona tena.

Usiku ule ule mjomba alipolala nilikwenda na tochi. Mchana nilikuwa nimenunua jikleri ya 105 kwenye mtaa wa Birere, kwa muuza vipuri ambaye hakuniuliza naimba wimbo gani wakati wa kuifunga. Nikaiweka, nikafunga buji mpya, nikarudi kulala. Ile ya sindano ninayo mfukoni mpaka leo.

Asubuhi mjomba akawasha kwadi kwa woga, kichwa amekiweka pembeni. Ikaitika mara moja. Akapanda nayo Munigi na kurudi, hakuna moshi, hakuna kugugumia. Akashuka ana machozi. Akasema mashini ilikuwa inazoea chakula kipya tu, na sasa imezoea.

Habari zikaenea. Siku hizi ukipita pale kwenye lava utakuta moto zimepanga foleni na fundi anapekecha majikleri kwa sindano, mjomba amekaa kwenye kiti pembeni anatoa ushuhuda. Kadhafi amehamishia vidumu vyake pale pale, upande wa pili wa barabara. Na jana mjomba amenipigia nije nimshikie tochi: fundi amepata sindano nene zaidi.